Amana ya Anayependekeza

Kwenye baraza moja ya kahawa hapa Jangwani, si mbali na soko la Kariakoo, mazungumzo aghalabu huanza na Yanga, klabu ambayo makao yake yamo mtaani humu, kisha huhamia popote. Hapo ndipo jirani yangu mmoja, muuza vitenge, aliponipa ombi ambalo kila mpenda vitabu hulifurahia: “Mwalimu, nitafutie riwaya moja nzuri, nipumzishe kichwa.”

Nilimpa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku mashuleni kwa muda. Nikamwambia ni hadithi tamu. Sababu yangu ya kweli sikuitaja. Jirani huyu alikuwa na binti wa kidato cha tatu, na usiku tulikuwa tukisikia kilio chake kila alipochelewa kurudi. Na ndani ya riwaya ile mna Zakaria, baba anayempiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana. Rosa anakua katika hofu, na siku anapotoka chini ya mkono wa baba anapotea, hata mwisho anajitoa uhai.

Baada ya wiki mbili kitabu kilirudi. “Mwalimu,” aliniuliza kwa sauti ya chini, “hiki ulichonipa ni kitabu au ni barua?” Nilinyamaza. Akaongeza: “Ungekuja nyumbani ukaniambia. Mlango ninao.”

Tangu siku hiyo swali limenikaa moyoni: je, ni uungwana kumpa mtu hadithi kwa jina la burudani, ilhali umekusudia iwe karipio?

Msomaji wa pwani huenda akanitetea. Atasema kwamba mafumbo ndiyo mila yetu; washairi wetu wameonya watawala, wapenzi na majirani kwa lugha ya kufunika, na hakuna aliyewaita waongo. Utetezi huo nimeupima, nikaona hautoshi. Fumbo la mshairi hujulikana kuwa ni fumbo. Anayelisikia amealikwa kulifumbua, na akiguswa anayo haki ya kujibu kwa beti zake, kwa mizani ile ile, mbele ya wasikilizaji wale wale. Malenga wanaojibizana wamesimama sawa. Mimi sikumwalika jirani yangu kufumbua neno. Nilimwambia “hadithi tamu”, nikakaa pembeni kama tabibu aliyetia dawa ndani ya uji wa mgonjwa. Hata kama dawa ni nzuri, mgonjwa amenyimwa heshima ya kujua anachokinywa.

Kuna kosa la pili, nalo ni juu ya riwaya yenyewe. Kezilahabi hakuandika ili Zakaria awe fimbo ya kumchapia mtu wa Jangwani. Mimi niliifinya kazi nzima ikawa ukurasa mmoja wa lawama, na nikamfungia jirani yangu milango mingine ambayo angeingilia.

Lakini ukimya nao si wema. Mtoto alikuwa akilia. Kama kitabu kingemlainisha baba hata kidogo, je, nisingefurahi? Ningefurahi, nami sioni haya kukiri. Ila furaha hiyo isingefuta ukweli kwamba nilichagua njia iliyonikinga mimi. Kugonga mlango kulihitaji ujasiri. Kuazima riwaya hakukunigharimu kitu.

Aliyenifundisha namna iliyo bora ni yeye mwenyewe. Siku nyingi baadaye, pale pale barazani, alinigeukia: “Nami nina yangu ya kukutajia. Itafute Awaara.” Ni filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, iliyopendwa mno katika majumba ya sinema ya pwani yetu. Humo mna hakimu anayemfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku, kisha mwanawe anakulia katika wizi, na baba anaendelea kuamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. “Niliiona nikiwa kijana,” alisema, “nikamlilia mtoto. Juzi nimeiona tena kwenye kanda, nikamlilia hakimu. Basi itazame, uniambie wewe utamlilia nani.”

Tazama tofauti. Yeye hakunificha kitu. Alianza na machozi yake mwenyewe, kisha akaniachia nafasi ya kuona vingine. Na kwa kunijibu alinirejesha katika ile mila niliyoivunja: alilichukua fumbo langu la hila akalifanya majibizano ya watu wawili walio sawa.

Nadhani hiyo ndiyo amana ya anayependekeza kitabu au filamu: aseme kilimfanya nini yeye, wala asijifanye anajua kitamfanya nini mwenzake. Na kama ana neno la kumwambia jirani, basi kitabu kitangulie au kifuate, lakini mlango ugongwe.

Mimi niliugonga jioni ile ile.