Mlevi Mbele ya Hakimu: Afungwe au Atibiwe?

Wengi wetu tukaao pwani hatujapata kufika Lokitaung, mji mdogo wa Turkana ulio kaskazini ya Lodwar, karibu na mpaka wa Ethiopia. Lakini jina lake twalijua kwa ajili ya jela. Huko ndiko alikofungwa Jomo Kenyatta na wenziwe baada ya kuhukumiwa Kapenguria mwaka 1953. Wakoloni walidhani kuwa jua kali na umbali vitawageuza nia. Havikuwageuza.

Hatuwafananishi watu wale na walevi, hasha. Twasema tu kwamba jela hufunga mwili, na yaliyomo kifuani huyaacha kama yalivyo. Basi mtu aliyetawaliwa na pombe au unga akiletwa mbele ya hakimu, Lodwar au Mombasa, kumfunga peke yake kwatosha?

Huko Miami, Marekani, mwaka 1989 ilianzishwa mahakama ya namna nyingine. Hakimu humpeleka mtumiaji kwa tabibu, kisha humwita mbele yake mara kwa mara autazame mwendo wake. Akitimiza ahadi husamehewa. Akivunja, adhabu yamngoja. Hata sheria ya Kenya ya mwaka 1994 juu ya dawa za kulevya yamruhusu hakimu kuamuru sehemu ya kifungo ipitishwe katika nyumba ya matibabu.

Wako watakaosema: "Alijitakia mwenyewe, na aonje." Ni kweli, kikombe cha kwanza alikishika kwa hiari yake. Lakini na tukumbuke kisa cha mtu aliyekuwa akiletwa kwa Mtume (S.A.W.) kwa kosa la ulevi, tena na tena. Aliadhibiwa. Mmoja katika waliohudhuria akamlaani, na Mtume akamkataza, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilikuwapo, wala mlango wa kurudi haukufungwa. Na ulevi wenyewe uliharimishwa kwa daraja, kwani Mola ajua uzito wa mazoea.

Ama huruma hii ina mipaka. Aliyeiba ili apate unga arudishe alichoiba, kwani haki za waja hazifutwi na dawa. Na mwenye kuuza unga, hali yeye mwenyewe hautumii, huyo ni mfanya biashara ya maangamizi. Asijifiche nyuma ya wagonjwa.

Lakini hukumu ya matibabu yataka pahala pa kutibiwa. Mtu wa Lokitaung asiye na nauli ya kufika Lodwar, akiambiwa "nenda katibiwe", amepewa maneno matupu. Sisi wa pwani tumepata zaidi: Malindi ilifunguliwa zahanati ya methadoni mwaka 2015. Tumeifanyia nini neema hiyo? Kijana akirudi kutoka huko, akaingia msikitini, twamsogelea au twashika mifuko yetu? Yupi kati yetu atakayempa kazi?

Hakimu aweza kuamuru dawa, hawezi kuamuru ujirani. Hiyo ni amana yetu, na tutaulizwa juu yake. Basi kabla hatujaidai serikali mahakama za kutibu, yatupasa tuwe watu ambao aliyepona aweza kurudi kwao.

Wallahu aalam.