Vitambaa Vyekundu vya Samoa

Julai 2018, katika kisiwa cha Savai'i nchini Samoa, watoto wawili walifariki siku moja muda mfupi baada ya kuchomwa chanjo ya surua. Chanjo hiyo huja ikiwa unga. Wauguzi waliichanganya na dawa ya kulegeza misuli iliyokwisha muda wake, badala ya maji yake maalumu. Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro. Wauguzi hao walikiri kosa mahakamani, na mwaka 2019 wakafungwa miaka mitano.

Hukumu ilipotoka, uvumi ulikuwa umeshatapakaa. Serikali ilikuwa imesimamisha chanjo kwa miezi kadhaa, na iliporejeshwa wazazi wengi hawakurudi kliniki. Tusiwalaumu haraka. Mimi nami ni mzazi. Ningesikia mtoto wa jirani amefia kliniki, sijui kama ningethubutu kumpeleka wangu wiki ileile. Hofu yao ilikuwa ya kweli, na walihitaji mtu wa kukaa nao awaeleze kilichotokea mpaka waelewe.

Kinachoniuma ni kwamba dalili zilionekana mapema. Mwaka 2018, watoto waliopata dozi ya kwanza walikuwa asilimia 31 tu, ilhali surua huzuiwa pale watu kama 95 katika kila 100 wanapokuwa na kinga. Mwaka uliofuata surua ililipuka Auckland, New Zealand, mji wenye Wasamoa wengi, na ndugu waliendelea kutembeleana kwa ndege. Hesabu zilikuwepo, na ugonjwa ulikuwa kwa jirani. Hata ulipoingia Samoa, wapo waliowapeleka watoto kwanza kwa waganga, au waliowanyunyizia maji waliyouziwa kama tiba. Wengine walifika hospitali homa ya mapafu imeshashika.

Novemba 2019 serikali ikatangaza hali ya hatari na kufunga shule. Tarehe 5 na 6 Desemba shughuli zilisimama nchi nzima. Kila nyumba yenye mtu asiyechanjwa iliagizwa kutundika kitambaa chekundu mbele, ili wauguzi waliokuwa wakipita mtaa kwa mtaa wajue pa kusimama. Vitambaa vilikuwa vingi. Mlipuko ulipotulia, watu zaidi ya 5,700 walikuwa wameugua na 83 wamekufa, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano, katika nchi ya watu laki mbili tu.

Ndugu msomaji, itoe leo kadi ya kliniki ya mwanao uitazame. Kwetu Tanzania na Kenya, chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Kama una shaka, usibaki nayo nyumbani. Nenda nayo kwa muuguzi, muulize chanjo imechanganywa na nini, na mwombe akuonyeshe tarehe kwenye kichupa. Hiyo ni haki yako. Akishakujibu, mwache mtoto achanjwe.