Je, Gemu Isiyomalizwa Ni Deni?

Gemu ya hadithi, ile ambayo mtu huicheza peke yake tangu mwanzo wa kisa hadi mwisho, huachwa njiani mara nyingi kuliko inavyomalizwa. Wachezaji wengi wana viporo kadhaa vya aina hiyo kwenye mashine, laptopu au simu. Baadhi yao huvihesabu kama madeni: huviorodhesha, hupanga zamu ya kuvimaliza na kujilaumu kwa kuchelewa. Lawama hiyo huibua swali la kimaadili: anayeanza jambo la halali lisilo la lazima, je, amejifunga kulimaliza?

Mtaani Changamwe, Mombasa, viporo hivyo vina sababu zake. Kwenye vibanda vya gemu mchezaji hulipia mechi au muda, hivyo kandanda ya watu wawili hutawala, na mwenye kufuata hadithi hulazimika kuachia pedi pesa zikiisha. Enzi ya PlayStation 2, hatua alizofikia mchezaji zilihifadhiwa kwenye kadi ya MB 8. Kadi ikiwa ni ya kibanda, mwingine aliweza kuseivu juu ya kazi ya mwenzake. Ugumu nao ulikatiza safari. Katika Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004, kuna misheni ambayo mhusika mkuu, CJ, huendesha pikipiki sambamba na treni huku mwenzake Big Smoke, aliyepakiwa nyuma, akiwafyatulia risasi maadui walio juu ya mabehewa. Treni ikiwaponyoka, misheni hurudiwa. Wengi waliishia hapo, wakabaki kuzurura katika mji wa gemu hiyo bila kujua kisa kiliishaje.

Hoja ya kwanza ya wanaotaka kila kitu kimalizwe ni ya tabia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, wasema wahenga, na anayezoea kuacha njiani madogo ataacha na makubwa. Hoja hii ina uzito, ila subira husifiwa kwa sababu ya jambo linalosubiriwa. Kung'ang'ania lisilo na faida wala ladha tena, kwa kuwa tu muda umeshapotea humo, ni kuongeza hasara juu ya hasara.

Fiqhi ya Kiislamu imelichambua swali hili kwa undani, tena kuhusu jambo zito kuliko mchezo. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, aliyeanza saumu ya sunna anaweza kuikata, na halazimiki kuilipa baadaye, ingawa kuikamilisha ni bora. Hija na umra ndizo ambazo, zikishaanzwa, hazina budi kutimizwa hata zikiwa za sunna. Mahanafi, ambao pia wapo Mombasa, huona kwamba ibada ya sunna huwa wajibu ikishaanzwa, na mojawapo ya hoja zao ni aya ya 33 ya Sura Muhammad, inayowakataza waumini kubatilisha matendo yao. Lakini hukumu hiyo inahusu ibada, kitu ambacho mja amemwanzia Mola wake. Mchezo wa halali hauna hadhi hiyo. Kwa madhehebu yote mawili, basi, kuanza gemu hakuzai wajibu wa kuimaliza. Mwanazuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliagiza katika Ihya Ulum al-Din kwamba mtoto aruhusiwe kucheza baada ya masomo ili moyo wake usife. Mchezo umewekewa kazi ya kupumzisha, na ukigeuka mzigo umeikosa kazi yake.

Aristotle naye alitofautisha matendo ya aina mbili katika kitabu cha tisa cha Metafizikia. Kujenga nyumba hakujakamilika mpaka nyumba isimame. Kuona, kwa upande mwingine, kumekamilika katika kila dakika ya kuona. Gemu ya hadithi ina sura zote mbili: kisa kina mwisho unaokipa maana, ilhali furaha ya kucheza hutimia papo hapo. Aliyeacha katikati amekosa mwisho wa kisa, ila saa alizocheza kwa furaha hazikuwa bure.

Lililo deni hasa ni umri. Waislamu hufundishwa kwamba mja ataulizwa Siku ya Kiyama aliutumia katika nini. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kukaa kwanza akapiga hesabu ya gharama. Hesabu ya mchezaji ni ya saa. Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 huhitaji takriban saa 50 kwa kisa kikuu pekee. Kibarua wa bandarini anayepata saa moja baada ya zamu ataimaliza karibu miezi miwili, iwapo hatakosa hata siku moja. Mwenye gemu 10 za namna hiyo amejipangia zaidi ya mwaka mzima.

Kwa hiyo gemu ambayo bado inavutia na ichezwe, moja baada ya moja, kwa kuwa mshika mbili moja humponyoka. Iliyokwisha ladha na ifutwe bila majuto. Swala iliyopita, saumu ya Ramadhani isiyolipwa, pesa ya watu na ahadi aliyopewa mtoto, hayo ndiyo madeni, na ndiyo yanayostahili kuorodheshwa kwanza.