"Tumeshinda": deni letu kwa mwanamuke wa ngumi

Kwetu, timu ikishinda, hata mutu mwenye hakugusa mupira anarudi nyumbani akisema: "Tumeshinda!" Hakuna mwenye kumuuliza alicheza namba gani. Ile "tu-" ni ndogo, lakini inabeba mambo mingi, na njo tunataka kuipima hapa, kupitia maisha ya mwanamuke mumoja wa Kenya, Conjestina Achieng.

Alizaliwa mu 1977, upande wa Yala, mu Siaya, magaribi ya Kenya. Aliingia katika bokse wakati wanawake wenye kupigana kwa kulipwa, katika Afrika, walihesabika ku vidole. Kwenye Olimpiki wanawake hawakukubaliwa kupiga ngumi. Mulango ule ulifunguka paka London, mu 2012. Watu walimuita Mikono ya Mawe. Mu 2004 alimushinda Fiona Tugume wa Uganda akapata mukanda, na tangu pale anatajwa kuwa mwanamuke wa kwanza wa Afrika kubeba taji la kimataifa la ngumi. Kenya ilisema "tumeshinda", na sisi wengine wa Afrika, hata wenye hatukuona ile pigano, tulitanua kifua.

Kisha akagonjwa, ugonjwa wa akili. Mu miaka ya 2010 magazeti na televizyo vilimuonyesha akiwa katika hali ile. Watu walisikitika, wakachanga feza, wakasahau. Mu 2022 Mike Sonko, aliyekuwa gavana wa Nairobi, alimutoa Siaya akamupeleka Mombasa kutunzwa. Hatusemi ni ngumi zilimuletea ugonjwa. Hiyo ni kazi ya waganga kusema, na ugonjwa wa namna hii unapata hata mwalimu, hata padri. Kitu chenye tunaangalia ni lugha. Siku ya mukanda: "Tumeshinda." Siku ya ugonjwa: "Yeye, masikini, amegonjwa." Ile "tu-" ilienda wapi?

Kuna wenye watatujibu: "Nani alimutuma? Ilikuwa kazi yake, na alilipwa." Neno hilo lina uzito, tusilipite mbio. Seremala akivunjika mukono, muji hauna deni kwake juu alitutengenezea viti, viti tulilipa. Lakini mupiga ngumi anatoa vitu viwili. Kuna pigano, na mwenye kununua tikiti amelipa pigano. Kuna tena lile jina, "Mwafrika wa kwanza". Lile hakuna mwenye alilipa, na kila mutu alilichukua. Tulilichukua bure, tukalivaa sawa vile nguo ya sikukuu. Njo maana tunasema hapa kuna deni, na deni si sawa na huruma. Huruma inategemea moyo wa mwenye kutoa: leo anaitika, kesho amechoka, na kamera ikiwa pale anaitika mbio zaidi. Tunafurahi kwamba mutu alijitokeza mu 2022. Lakini mwenye kudai chake hapashwi kungojea mpaka mukubwa fulani aguswe roho, wala kupigwa picha sawa mwenye kuomba.

Wazee wa Balega, kwa upande wao, walilifikiria jambo la heshima na watu wenye kuibeba. Katika Bwami mutu hakupanda cheo peke yake. Vitu vya kutoa, pamoja na musanga, ile feza ya magamba ya konokono, vilikusanywa kwa musaada wa ndugu na wakwe. Bunyamwa, cheo cha juu cha wanawake, kilimufikia bibi wa mutu wa kindi, kwa kumufuata bwana yake. (Binti zetu watalalamika kwamba mwanamuke alipitia paka nyuma ya bwana, wana haki.) Lakini kila mwenye alichanga alijulikana kwa jina, na tunavyoelewa sisi, heshima ile ilimufunga: hakuweza kusema kesho "simujui yule". Conjestina alipanda bila bwana mbele yake, kwa mikono yake miwili, na huo ni ushindi wa kweli. Shida ni kwamba wenye walimuinua juu walikuwa kundi, na kundi halina jina. Ukienda kudai, unabisha ku mulango wa nani?

Na sisi Wakongomani tumekwisha kuingia katika deni la namna ile. Mu Paris, mu 2024, dada yetu Marcelat Sakobi Matshu alipoteza pigano yake ya Olimpiki. Kiisha pale akafunika kinywa kwa mukono, vidole viwili ku kichwa sawa bunduki, kama vile Leopards walifanya mwanzoni mwa mwaka ule mu Abidjan, juu ya watu wenye wanauawa mashariki na dunia inanyamaza. Alikuwa ametoka kushindwa, uchungu wake mwenyewe ungali moto, naye akachagua kusema "sisi". Tulimupigia makofi, hapa Kivu zaidi. Bado hatujaulizwa kitu kingine.