Je, Muumini Afarijiwe na Wimbo wa Huzuni?

Mama mmoja wa usharika wetu wa Kiswahili hapa Ohio alitujia baada ya ibada, akatuomba tumwombee mwanawe. Kijana alikuwa ameacha kwaya tangu Pasaka. Chakula anakigusa tu, na jioni anajifungia chumbani na muziki ule ule. "Ni muziki wa msiba," mama akasema. "Kila siku kama kuna maiti ndani." Tulikwenda watatu, tukiwa na Biblia na, tukiri wazi, tukiwa na jibu letu tayari.

Kijana alituamkia, akatupisha viti. Tulipoanza kumweleza habari za furaha katika Bwana, aliuliza kwa upole, "Baba, mmewahi kuusikiliza?" Hatukuwa tumeusikiliza. Basi tukausikiliza, mwanzo hadi mwisho, na chai ikapoa.

Ilikuwa albamu ya kundi la The National. Waimbaji hao asili yao ni Cincinnati, katika jimbo hili hili, ingawa kundi lenyewe lilianzia Brooklyn mwaka 1999. Ni wanaume watano: jozi mbili za ndugu, na mwimbaji Matt Berninger, mwenye sauti nzito ya chini, kama baba anayejisemea usiku akijitahidi asiwaamshe watoto. Albamu hii ni ya tisa, ilitoka Aprili 2023, na inaitwa First Two Pages of Frankenstein, yaani kurasa mbili za kwanza za Frankenstein. Jina hilo lina kisa chake. Berninger alikuwa ameingia katika sonona, na kwa muda mrefu hakuweza kuandika mashairi. Fikirini: mtu aliyejulikana miaka ishirini kwa kuimba huzuni, huzuni ilipomjia kwelikweli ikamnyang'anya hata maneno. Akachukua rafuni kitabu cha Mary Shelley, akasoma mwanzo wake, na kutoka hapo maneno yakaanza kurudi. Sisi tulidhani kitabu hicho ni cha zimwi tu. Kumbe kinaanza na barua: msafiri anayeelekea kwenye barafu ya kaskazini anamwandikia dada yake.

Kuna wimbo humo unaoitwa Your Mind Is Not Your Friend. Maana yake, akili yako si rafiki yako. Mmoja wetu alinuna aliposikia jina hilo, akasema akili ni zawadi ya Mungu. Kijana akamjibu, "Ni kweli, Mama. Lakini nikiwa peke yangu, kichwa changu huniambia mimi ni mzigo kwenu, na kwamba mngepumzika nisingekuwepo. Wimbo huu unanikumbusha si lazima niamini kila kinachoniambia."

Tulinyamaza. Mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, akakaa chini palepale. Hakuwahi kuyasikia maneno hayo, na sisi tuliomwona kijana huyu kila Jumapili tangu akiwa shule ya Jumapili hatukuwahi kumpa nafasi ya kuyasema. Kila alipoonekana mnyonge tulimpa pambio.

Tangu siku hiyo tumejiuliza kama ni halali muumini apate faraja katika wimbo ambao haumtaji Mungu wala hauahidi kwamba kesho kutakucha. Tumerudi kwenye Zaburi ya 88, ambayo wengi wetu huiruka. Mwombaji analia tangu mwanzo, na zaburi inakwisha akiwa bado gizani. Hakuna mstari wa shukrani uliopachikwa mwishoni ili watu waende nyumbani wametulia. Waliokusanya Zaburi waliiacha hivyo, na hatuoni kwa nini sisi tuwe na haraka kuliko wao. Hata rafiki zake Ayubu walifanya vema siku zile saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa.

Mzee mmoja alitupinga, na hoja yake ina uzito. Alisema mwombaji wa Zaburi ya 88 anamlilia Mungu, lakini hawa wanamlilia nani? Tena huzuni ina utamu wake, na mtu anaweza kuizoea kama kitanda asitake kuamka. Hilo ni kweli, na tumeliona. Albamu haiwezi kubisha hodi. Haiwezi kugundua kwamba leo hujala. Sonona ni ugonjwa, na kijana sasa anakwenda kwa daktari, jambo ambalo mmoja wetu, tuseme bila kumtaja, aliliita upungufu wa imani, kisha akaomba radhi. Lakini hatuwezi kukubali kwamba muziki ndio uliomlaza. Ulimkuta tayari amelala, ukakaa naye. Kwamba ulikuwa peke yake chumbani mle ni lawama yetu. Na wimbo wa mwisho wa albamu, Send for Me, unamwambia msikilizaji atume ujumbe wakati wowote, naye mwimbaji atakuja. Kwa mwimbaji aliye mbali hilo ni shairi tu. Sisi tunaishi dakika kumi kutoka kwa kijana huyu.

Jumapili iliyofuata tuliomba Zaburi ya 88 isomwe yote. Mwalimu wa kwaya alitaka waimbe pambio la shangwe mara msomaji atakapomaliza, ili ibada isidorore. Tulibishana naye kidogo sakristiani, akakubali. Msomaji akamaliza, akafunga Biblia, na kanisa likakaa kimya kwa muda ambao wengine walilalamika baadaye kuwa ulizidi. Kijana hakuwepo. Alhamisi tunakwenda kwake tena, wawili tu safari hii, na amesema ana albamu nyingine ya kutusikilizisha.