Shikamoo ya Juu ya Ukuta

Saa kumi na moja kasoro, kabla ya adhana ya alfajiri, nilitoka uani kuchota maji ya udhu. Umeme ulikuwa umerudi usiku huo na taa ya nje ya jirani ilikuwa inawaka, kwa hiyo nilimwona vizuri. Alikuwa amepanda ukuta wa nyumba ya tatu, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, amekumbatia mtungi wa gesi, ule mdogo wa kilo 6. Wa kwanza ulishateremshwa kwa mwenzake upande wa barabarani. Kijana mwenyewe nilimfundisha darasa la nne. Aliponiona aliganda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, Mwalimu."

Nikamjibu, "Marahaba."

Nikachota maji yangu, nikaingia ndani, nikaswali.

Siku 11 sikumwambia mtu. Nilikuwa na sababu, tena za dini. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba anayemsitiri Muislamu mwenzake naye Mungu atamsitiri. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza dhana mbaya, inakataza kupelelezana, inakataza kusengenyana, na inaufananisha usengenyaji na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. Tena mama wa yule kijana tuko naye kikoba kimoja. Nikajiambia kwamba kunyamaza ni sitara. Mwenye mitungi alilalamika dukani, akalalamika bombani, nami nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo yangu, nikimpa pole.

Usiku wa 12 tukasikia, "Mwizi! Mwizi!"

Anayeishi Mbagala anaijua sauti hiyo, na anajua inavyokuwa kubwa kila mlango unapofunguliwa. Nilifunga kanga nikatoka. Walikuwa wameshamwangusha yule kijana karibu na kibanda cha chipsi. Mtu alikuwa anaburuta tairi bovu, mwingine anauliza nani ana petroli. Wengi wao walikuwa watu wazima ninaowafahamu, watu wa kwenda msikitini na wa kwenda kanisani. Aliyemwokoa ni mmoja wa vijana wetu wa ulinzi shirikishi. Alipuliza filimbi mfululizo, akajilaza juu yake, akapigwa naye mgongoni na kwenye mkono, hadi wenzake wa lindo walipofika wakafanya duara. Gari la polisi lilikuja baadaye. Kijana alipewa fomu ya polisi, PF3, akapelekwa hospitali, mguu wa kulia umevunjika mara mbili.

Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza: nilimsitiri nani?

Mtaani kwetu wana neno. Ukimripoti mtu, wanasema umemchomea. Hata watoto darasani walikuwa wakilalamika hivyo: "Mwalimu, huyu kanichomea!" Nimelisikia neno hilo miaka yote ya kazi yangu na sikuwahi kusimama nikalitazama. Sasa nalitazama. Sikumchomea yule kijana kwa mjumbe wala kwa mwenyekiti wa mtaa, na siku 11 baadaye lilikuja tairi.

Ninachoamini sasa ni hiki: taarifa iliyotolewa mapema, kwa mtu anayewajibika kuiandika, ni haki ya anayetuhumiwa kabla haijawa haki ya aliyeibiwa. Aliyeibiwa alipoteza mitungi miwili, na mitungi hununuliwa mingine. Yule mtoto alikuwa anamhitaji mtu wa kumfikisha mbele ya mama yake, mbele ya mjumbe, ikibidi mbele ya hakimu, wakati angali na miguu yote miwili na jina lake. Kuna mafundisho ya Mtume yanayotutaka tumsaidie ndugu yetu awe mdhulumiwa au dhalimu, na Masahaba walipouliza dhalimu anasaidiwaje, wakaambiwa ni kwa kumzuia. Nilikuwa nikiyafundisha madrasa kila Jumamosi. Nilikuwa nimeyahifadhi vizuri sana, nikayapita pale uani kwangu na kopo mkononi.

Lakini sitaki kukimbilia upande wa pili nao, maana upande huo naujua.

Nimezaliwa Tabora. Nilikuwa shule ya msingi wakati sungusungu walipoibuka Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na pinde na mishale yao, kwa sababu ng'ombe walikuwa wanaibwa mno na watu waliona dola iko mbali. Usiku tulilala vizuri, huo ni ukweli na sitaukana. Ila ni ukweli pia kwamba jeshi lile lile la kijiji lilianza kuwageukia vikongwe walioitwa wachawi. Kulikuwa na bibi jirani yetu aliyetengwa: marufuku kumpa moto, marufuku kumpa maji, marufuku hata kumwamkia. Hakuna aliyemwona akifanya lolote. Walidhani tu. Sheria ya mwaka 1989 ndiyo iliyokuja kuwatambua sungusungu na kuwaweka karibu na mgambo, na kuanzia 2006, Said Mwema alipokuwa Inspekta Jenerali, tukaanza kusikia sana habari ya polisi jamii na ulinzi shirikishi. Majina yamebadilika. Hofu yangu ya utotoni iko pale pale: wanaodhani, wanaokamata na wanaohukumu wanapokuwa watu wale wale, usiku ule ule, hapo hapana ulinzi.

Mpaka uko wapi basi? Nimeupata katika kisa cha Sayyidna Umar, kisa ambacho Imamu Ghazali anakisimulia katika kitabu chake, Ihyaa. Umar alikuwa na desturi ya kuzunguka Madina usiku akilinda watu wake, khalifa mzima anatembea kama mlinzi wa lindo. Usiku mmoja akasikia kelele nyumbani kwa mtu, akapanda ukuta, akamkuta mwenye nyumba katika maasi. Akamkemea. Yule mtu akamwambia kwamba yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, lakini Umar kwa matatu: amepeleleza, ameingia kwa ukutani badala ya mlangoni, na ameingia bila hodi wala salamu. Umar akakubali, akamwacha.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu ya ule ukuta. Sikupanda ukuta wa mtu. Mimi nilikuwa uani kwangu, na aliyekuwa juu ya ukuta ni yeye. Jambo lilinifuata mimi, sikulifuata. Hapo si upelelezi tena, ni ushahidi, na Suratul Baqara aya ya 283 inasema moyo wa anayeficha ushahidi una dhambi. Lakini ningetega sikio dirishani kwa jirani nijue nani analala na nani, anakunywa nini, anaswali au haswali, kisha nikapeleka hayo kwa mwenyekiti kwa jina la usalama, ningekuwa nimepanda ukuta. Imamu Nawawi ametaja mambo sita yanayomruhusu mtu kumtaja asiyekuwepo kwa ubaya wake, na miongoni mwake ni kumshitakia mwenye mamlaka na kuomba msaada wa kuondoa uovu. Umbea wa bombani haumo katika hayo sita.

Nimejiunga na kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa. Wengi walishangaa, mwanamke mstaafu anakwenda kutafuta nini kwa vijana wa marungu na tochi. Nilipewa daftari. Nimelichora mistari kwa rula kama nilivyokuwa nikichora daftari la mahudhurio: tarehe, saa, mahali, kilichoonekana, aliyekiona, aliyepelekewa. Hakuna safu ya anayedhaniwa. Kijana mmoja wa lindo alinijia akaniambia, "Mwalimu, andika kwamba wale wapangaji wapya si watu wazuri." Nikamuuliza, "Umeona nini, mwanangu?" Akafikiri. Akasema anaona tu wanarudi usiku sana. Nikamwambia hata wauza samaki wa Feri wanatoka usiku sana. Hatukuandika. Wiki iliyofuata alileta taarifa ya taa ya barabarani iliyozimika na kichochoro ambacho wasichana wawili wameporwa simu, na saa aliijua. Hiyo tukaiandika, ikapelekwa asubuhi.

Mama wa yule kijana nilikwenda kwake siku ya tatu baada ya tukio. Nilimkuta anakosha vyombo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani na hayakutoka hata moja. Nikamwambia tu kwamba nilimwona mwanawe ukutani, alfajiri, kabla ya haya yote.

Hakuinua kichwa. Aliendelea kusugua sufuria kwa mchanga.

"Alikuona?"

"Aliniona. Akaniamkia."

Akaisuuza sufuria, akaifudikiza juu ya kichanja, akakaa kitambo na mikono yake inachuruzika maji.

"Na wewe, Mwalimu, ukamjibu nini?"

Nikamwambia nilichomjibu.