Bamvu la Agosti: Nasaha kwa Wanaokuja Kuogelea

Wanangu,

Shule zinapofungwa Agosti, pwani yetu hujaa. Mabasi ya kutoka Nairobi na Nakuru hushusha watu alfajiri, na kabla ya saa tatu mko ufukweni, suruali zimekunjwa, simu ziko juu. Karibuni sana. Lakini huyo anayewakodisha boya la tairi hatawaambia kwamba Agosti ni kipupwe na upepo wa kusi bado una nguvu. Simlaumu, anatafuta riziki yake. Nitawaambia mimi.

Mtu wa Nyahururu hucheka akisikia tunakiita hiki kipindi cha baridi. Usiku Mombasa hushuka hadi nyuzi 20 hivi, na bahari, inayokaribia nyuzi 30 mwezi wa Machi, sasa iko kwenye 25. Hiyo si baridi ya kumdhuru mtu. Kipupwe chetu kimefichwa ndani ya maji.

Kutoka Malindi hadi Shimoni sehemu kubwa ya ufuo imekingwa na mwamba wa matumbawe. Simameni Bamburi au Diani mtazame mbali: ule mstari mweupe ndipo mawimbi ya kusi yanapovunja. Ndani yake maji yametulia, na mgeni hudhani mwamba umemaliza kazi yote. Sivyo. Kila wimbi linalovunja hurusha maji ndani, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Ndani ya mwamba ni kama birika kubwa lenye tundu moja ubavuni: hapa unaona maji yamekaa kimya, kule tunduni yanakimbia. Tundu hilo sisi tunaliita mlango. Milango mikubwa huwa mkabala na midomo ya hori, kama Mtwapa na Kilifi, kwa kuwa matumbawe hayapendi maji matamu wala tope. Midogo wanaijua wavuvi. Ukitaka kuutambua mlango, tafuta mahali mstari mweupe umekatika, maji yana buluu nzito na hayana povu. Usiende hapo na miwani yako ya kutazamia samaki, wala usiache boya likupeleke.

Idara za hali ya hewa, huku kwetu na Tanzania, hutoa tahadhari kusi ikizidi. Ya Tanzania husema mara nyingi upepo unaopita kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Wageni husikia wakasema hayo ni ya wenye vyombo. Ni kweli, na wenye vyombo wana sababu ya kusikiliza: feri ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, tarehe 18 Julai 2012, katika upepo wa majira haya haya. Lakini mawimbi yakikua nje, maji yanayorushwa ndani huongezeka, na mlango huvuta zaidi. Tahadhari ile ni yenu pia.

Sasa bamvu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, kwa siku mbili tatu bahari hujaa sana na kupwa sana. Hapa Mombasa tofauti yake hupita mita 3. Na bamvu letu lina saa zake: maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, hujaa saa kumi au kumi na moja jioni, kisha hutoka tena usiku. Kila siku huchelewa kama dakika 50.

Asubuhi mnaikuta bahari imekauka, mnatembea hadi karibu na mwamba kutazama vidimbwi. Vizuri. Ila maji yanaporudi hayaji kwa mbele mnakotazama. Huingia kwanza mabondeni, na bonde kubwa aghalabu liko nyuma yenu, kati ya fungu mlilosimama na ufuo. Saa ya kwanza maji hupanda kidogo tu, mkayadharau. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye nguvu, karibu nusu ya maji yote huja katika saa hizo mbili. Pale ulipovuka maji yakiwa ya kifundo cha mguu, sasa yamepita kimo chako. Maji yakigeuka, geukeni nayo papo hapo, picha mtapiga mkifika nchi kavu.

Jioni ndiyo inanitia hofu zaidi. Jua limepoa, maji yamejaa tele, kila mtu anaingia, na wengine wameshapitia kwenye chupa. Maji huanza kutoka polepole, hakuna anayehisi. Jua likizama ndipo yanaposhika kasi, na hiyo kasi huzidi hadi saa moja na saa mbili, gizani, wakati kichwa cha mtu hakionekani tena. Adhana ya magharibi ikilia, kila mtu awe ametoka. Asiye Mwislamu naye anaisikia.

Wenye watoto wadogo, hesabuni mwezi kabla ya kukata tiketi ya treni. Siku ya saba na ya nane tangu mwezi uandame, na tena ya ishirini na mbili na ya ishirini na tatu, maji huwa mafu: hujaa asubuhi, mnamo saa nne, na hayaendi mbali.

Nyinyi wa mbao za kutelezea mawimbini mnaoelekea Malindi, kule ghubani mto Sabaki haukuruhusu mwamba kuziba, kwa hivyo wimbi linafika hadi mchangani. Mnajua ile njia ya maji tulivu, yenye mchanga uliokorogwa, katikati ya mawimbi mawili. Mwenye ubao huitumia kutoka nje bila kuchoka. Mtoto anayecheza kando yenu huiona akadhani ndipo mahali salama. Mkimwona, mwiteni.

Ukishavutwa, usipigane na maji kurudi moja kwa moja. Hata muogeleaji hodari huchoka. Lala chali, inua mkono, piga kelele. Ukiwa na nguvu, kata pembeni sambamba na ufuo hadi uhisi mvuto umekwisha, kisha uje na mawimbi. Ukitolewa nje ya mlango, usijaribu kurudi juu ya mwamba wakati mawimbi yanavunja, yatakuchana. Elea ungoje chombo.

Nawe uliye ufukweni ukimwona nduguyo anavutwa, usijitupe nyuma yake mikono mitupu. Wengi wamekufa wawili wawili hivyo. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri humwelesha mtu mzima, na kila kibanda cha madafu kina moja. Mtupie hilo, lenye kamba ikipatikana, huku mwenzako anakimbilia wavuvi. Wao ndio wenye ngalawa, na wanajua mlango uko wapi.